Noti ya Shangazi Kwenye Koo la Honi

Kanada si nchi ya kutunza wasanii. Sisemi ruzuku za serikali, hizo wanazo, na fomu zake ndefu nimeshazijaza. Nasema kutunza kwenyewe, kule kwetu: unainuka kwenye kiti, unacheza taratibu kuelekea jukwaani, noti umeinyanyua juu kila mtu aione, unafika, unaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji, kisha unarudi kwa kuzunguka mbali ili waliokukosa wakati wa kwenda wakupate wakati wa kurudi. Sasa jaribu hilo Kanada. Dola 1 ni sarafu tangu mwaka 1987, dola 2 ni sarafu tangu 1996, na noti ndogo kuliko zote ni ya dola 5. Sarafu haikai kwenye paji la uso. Na noti zenyewe, tangu walipoanza kuzitoa za plastiki mwaka 2011, hata kwenye jasho hazishiki, zinateleza tu.

Haya nayajua kwa sababu mama mmoja wa Tanga aliamua kunitunza mimi, mbele za watu, Montreal, katikati ya wimbo wa msiba wa paka.

Lakini kwanza honi.

Mimi ni wa Machame, na honi ya Kifaransa, chombo cha shaba cha kupuliza, niliipata kanisani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Mjerumani wa Kilutheri akifika mahali, matarumbeta hayako mbali. Hadi leo usharika usio na kikundi cha matarumbeta kule kwetu unaonewa huruma. Wetu ulipokea sanduku la vyombo vilivyotumika kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Tarumbeta ziligombewa, tromboni ziligombewa, besi ikachukuliwa na kaka mmoja mwenye kifua. Chini kabisa, imeviringishwa kwenye taulo, ikabaki honi. Kila aliyeishika aliigeuzageuza akitafuta inapoanzia, akairudisha. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nikaambiwa hiyo ndiyo yako.

Ni chombo cha ajabu. Bomba lake la F, ukilinyoosha lote, linafika karibu mita 3.7, na ndani yake kuna bomba jingine fupi zaidi, ambalo unalifungua kwa kidole gumba. Honi ya mabomba mawili ni kazi ya Mjerumani, Fritz Kruspe wa Erfurt, mwaka 1897, kwa hiyo huo Ufaransa sijui umeingilia wapi. Sauti zake za juu zimebanana mno: midomo ikiteleza kidogo tu, unabisha hodi kwa jirani. Ndiyo maana wapiga honi wote unaowaona wana uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Halafu kuna suala la mikono. Vibonyezo vya honi vinabonyezwa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unauzamisha ndani ya ule mdomo mpana wa nyuma, kuilainisha sauti na kuisawazisha. Jumapili yangu ya kwanza mzee mmoja wa kanisa alinisubiri mlangoni.

"Kijana, Mungu unampigia kwa kushoto?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba, ndivyo chombo kilivyotengenezwa. Zamani hakikuwa na vibonyezo, mkono wa kulia ndio uliokuwa ukibadilisha sauti huko ndani. Vibonyezo vilipokuja karne ya 19, mkono uliokuwa hauna kazi ni wa kushoto."

Akafikiri. "Na sasa vibonyezo vipo, wa kulia bado unaficha nini humo?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tangu siku hiyo nilipangwa mstari wa nyuma, jambo ambalo kwa honi si adhabu, kwa sababu mdomo wake unatazama nyuma na unahitaji ukuta wa kuirudisha sauti. Barabarani ndiko kulikuwa na tabu. Mara moja nilipakiwa kwenye pikapu ya matarumbeta ya harusi: bibi harusi yuko gari la nyuma yetu, sisi wote tumemgeukia, wenzangu wanamwaga sifa kwake, mimi honi yangu inampigia dereva kisogoni. Dereva hakunialika tena.

Nilikwenda Montreal kusoma, nikamaliza, nikabaki. Usiku nilikuwa naoka mikate, na mchana nilikuwa mpiga honi wa bendi za indi, yaani zile bendi za kujitegemea zisizo na kampuni kubwa nyuma yao, na mara nyingi zisizo na chochote nyuma yao. Wakati huo mji ulikuwa bado umelewa sifa: mwaka 2011 Arcade Fire, bendi ya hapo hapo Montreal, walikuwa wametwaa Grammy ya Albamu ya Mwaka, na watu wote wenye gitaa wakawa wanatafuta fidla, kinanda cha kanisani na mtu wa kupuliza shaba. Mimi nilikuwa mtu wa kupuliza shaba. Nikapata bendi, nikapata ya pili. Baba, ambaye ni mwalimu wa kwaya na mtu wa mahesabu, akanipigia simu.

"Kwenye hizo bendi, kuna mtu amewahi kula kwa honi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamtajia Alan Civil, aliyewapigia Beatles honi mwaka 1966.

"Alikuwa mwanabendi?"

"Hapana baba. Alikuwa mtu wa okestra. Walimkodi."

"Alikuwa na kazi yake. Mwingine?"

"John Entwistle wa The Who. Yeye alikuwa mwanabendi kabisa, na honi alikuwa akiipiga mwenyewe."

"Honi tu?"

"Na gitaa la besi."

"Yaani zaidi ni gitaa la besi."

"Zaidi ni gitaa la besi, baba."

Nikaona nitoe mfano wa hapa hapa mjini: Pietro Amato, mpiga honi wa Bell Orchestre, aliyepiga na hao hao Arcade Fire, na ana bendi nyingine pia.

"Nyingine pia," Baba akarudia. "Kwa hiyo moja haitoshi." Akaniambia niwasalimie wote, akakata simu.

Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya mpiga honi wa indi ni kusubiri. Bendi inakuita kwa sababu inataka honi, lakini haijui inaitakia nini. Mwimbaji anakwambia, "Hapa nataka kitu cha mbali, cha ukungu," na hicho kitu cha ukungu kinageuka kuwa sauti nne baada ya dakika tatu za kimya. Unakaa na chombo mapajani, unafumba macho, unahesabu mapigo. Wenzako wanaruka, wewe unahesabu. Ukikosea hesabu, ukungu unashuka kwenye wimbo mwingine. Malipo ni mgao wa kiingilio cha mlangoni, ambao usiku wa Jumatano ni wa kuchekesha, pamoja na bia mbili na sahani ya poutine: viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi mzito na vibonge vya jibini.

Na kila ukumbi, bila kukosa, fundi mitambo anaweka maikrofoni mbele ya uso wangu. Namwambia, kaka, sauti inatokea nyuma. Anaangalia honi, ananiangalia mimi, anahamishia maikrofoni nyuma, na sasa inanasa dramu tupu kwa sababu mpiga dramu yuko nyuma yangu. Usiku huo wa Shangazi tulipambana na hilo hadi fundi mitambo akapata ufumbuzi wake: nihamie kona ya jukwaa, kiti changu kitazame ukutani, mdomo wa honi uelekee kwa watu. Kitaalamu alikuwa sahihi kabisa. Mimi nikakaa nimewapa watazamaji mgongo, natazama matofali na tangazo la zamani la mashindano ya vishale.

Sasa Shangazi.

Si shangazi yangu wa damu. Ni mama wa makamo aliyezaliwa Ngamiani, Tanga, ambaye Waswahili wote wa upande wetu wa mji wanamwita hivyo, kwa sababu ndiye anayejua nani kajifungua, nani kafiwa na nani anauza kitanda. Amekulia kwenye taarabu, na ana msimamo kuhusu muziki: kama hakuna anayeinuka, ni mazoezi. Kwa muda mrefu alikuwa ananiambia, "Mwanangu, mimi nitakuja kukuona ukipiga hilo lidude lako." Mimi nilikuwa nasema karibu sana Shangazi, kwa ile namna yetu ya kusema karibu kwa mtu unayejua hatakuja.

Alikuja. Nje ni baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji inapigwa na upepo, na Shangazi akaingia kwenye ule ukumbi mdogo amevaa koti linalofika kwenye visigino. Akalivua. Chini yake kulikuwa na sweta, akalivua. Chini ya sweta, sweta jingine. Na mwisho likatokea dera la rangi ya dhahabu na mtandio wake, hereni zinaning'inia hadi mabegani, manukato ya udi yakatangulia hadi jukwaani. Waliomzunguka walikuwa vijana wenye ndevu, mashati ya drafti na fulana nyeusi. Akaniona kwa mbali, nikampungia mkono, nikaenda kumpa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Hawa wamefiwa?"

"Hapana Shangazi. Ndivyo wanavyosikiliza."

"Wamesimama na mikono mifukoni?"

"Ndiyo Shangazi."

"Mimi nimekuja kwa ajili yako, hao wanywaji sina habari nao," akasema, akaagiza soda ya tangawizi, akajipatia kiti cha mbele ambacho sijui alikitoa wapi, maana ukumbi ule haukuwa na viti.

Kuhusu kufiwa, kwa haki, hakuwa mbali na ukweli. Wimbo wetu mkubwa, ule wa kufungia, mwimbaji aliutunga kwa ajili ya paka wake aliyekufa. Ulikuwa wa kunong'ona. Gitaa moja, kinanda kidogo, yeye ananong'ona, na mimi mwishoni nashusha zile sauti nne za ukungu, ambazo kwa mujibu wake ni paka anavuka ng'ambo.

Kile ambacho mimi sikukiona, kwa kuwa nilikuwa natazama matofali, nilisimuliwa baadaye na mpiga dramu, na sehemu nyingine na Shangazi mwenyewe bila aibu yoyote. Shangazi alikaa nyimbo zote akisubiri zamu yangu. Akaona wote wanapiga, mimi sipigi. Akaona wote wanatazama watu, mimi nimegeuziwa ukutani. Akamuuliza kijana wa karibu kwa Kifaransa chake cha sokoni, huyo pale kafanya nini? Kijana akainua mabega. Shangazi akatafsiri mabega kwa namna yake: mtoto wa watu kaonewa, kawekwa kona, kanyimwa zamu. Na kwa mtu wa Tanga dawa ya hilo inajulikana. Msanii anayebaniwa anatunzwa, hadhara ionyeshwe kuwa ana watu wake, na wenye bendi washike adabu.

Akafungua pochi. Jukwaa lilikuwa na taa moja tu nyekundu, maana indi na taa nyekundu ni ndugu. Noti ya dola 5 ya Kanada ni ya buluu na ya dola 20 ni ya kijani, lakini chini ya taa nyekundu zote zinakuwa nyeusi tii. Urefu ni ule ule, upana ni ule ule. Akachomoa moja, akaamini ni ya 5.

Akainuka. Mpiga dramu anasema alikuja akicheza, polepole, kiuno kikiwa na mawazo yake, noti juu, hereni zinawaka, huku mwimbaji amefumba macho ananong'ona habari za bakuli la maziwa lisilonywewa. Watu wakampisha. Hakuna aliyecheka, hiyo ndiyo sifa yao: mtazamaji wa indi haamini kitu chochote kuwa ni ajali. Shangazi akafika kwangu, akatafuta paji la uso, akakuta kisogo. Akaangalia chini. Na pale, kwenye paja langu la kulia, limeelekezwa kwa watu kwa ustadi wa fundi mitambo, lilikuwa limekaa lile domo la shaba, pana, linang'aa, wazi.

Mtu yeyote aliyewahi kuona kapu la sadaka angefikiri alivyofikiri yeye. Akaikunja noti, akaiviringisha kidogo, akaitumbukiza.

Mimi nilikuwa kwenye pigo la hamsini na kitu, macho nimefumba. Nilisikia udi, nikajisemea Shangazi ameinuka, labda anaelekea msalani. Hesabu ikatimia. Nikainua honi, nikazamisha mkono wa kulia ndani ya mdomo kama desturi, na nikahisi kitu kinasogea mbele ya vidole vyangu kuelekea kooni. Hakuna muda wa kuuliza, paka alikuwa anavuka. Nikapuliza.

Haukuwa ukungu. Noti ya plastiki iliyobanwa kwenye koo la honi inatetemeka yote, kingo zake zinapigapiga shaba, na ile sauti laini ya msitu wa Ujerumani inatoka inakwaruza, inalia puani, inakata hewa. Mimi niliganda. Nyuma yangu Shangazi, aliyekuwa katikati ya safari ya kurudi kitini, alisimama, akageuka, uso umemchanua.

"Zumari!" akapaza sauti. "Wallahi anapiga zumari!"

Na akaachia kigelegele. Kigelegele cha Ngamiani kamili, chenye kupanda na kushuka, ndani ya wimbo wa paka.

Mwimbaji akafumbua macho. Mpiga kinanda, binti mpole ambaye sijawahi kumsikia akikatiza neno la mtu, akaongeza sauti ya kinanda chake ili kunisitiri, jambo lililofanya wimbo uanze kuwa na nguvu, na mpiga dramu, ambaye kwenye wimbo ule kazi yake ilikuwa kukaa kimya, akashindwa kuvumilia akaingia. Mimi nilikuwa nahangaika na chombo. Nikakigeuza kichwa chini. Nikakizungusha mzima mzima, vile tunavyofanya kumwaga maji ya pumzi. Nikatikisa. Nikaigonga maikrofoni ya fundi mitambo wa watu. Noti haikutoka, iling'ang'ania kooni na kila nilipojaribu kupuliza nilitoa zumari jingine, na kila zumari lilijibiwa na kigelegele.

Mdomo wa honi yangu ni wa kufungua kwa skurubu, unatengana na mwili ili uweze kusafiri kwenye mkoba mdogo. Nikaona nitaufungua, niingize vidole kooni, nitoe mdudu huyo. Nikaufungua. Nikawa nimesimama jukwaani, mwili wa honi umekumbatiwa mkono wa kushoto, mdomo wake mkono wa kulia, bakuli pana la shaba lisilo na chochote ndani, maana noti ilikuwa imezama mbali zaidi. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni hatua inayofuata.

Shangazi yeye alidhani namkabidhi. Akanipokonya lile bakuli kwa upole, akaniambia, "Ahsante mwanangu, ulifikiri vizuri," akaingia nalo kwa watu.

Hapo ndipo zile sarafu za Kanada zilipopata kazi. Kijana wa kwanza alitazama bakuli, akatazama dera, akatoa mkono mfukoni kwa mara ya kwanza usiku ule, akaweka dola 2. Ikalia kwenye shaba, chwang, ndani ya mapigo. Wa pili akaweka. Shangazi alikuwa anacheza mstari kwa mstari, anamsubiri kila mtu kwa tabasamu ambalo huwezi kulikimbia, na asiyetoa alisogezewa bakuli hadi chini ya ndevu. Mwimbaji akakata tamaa na kunong'ona, akaanza kuimba kwa sauti. Mimi nilibaki na honi isiyo na mdomo, ambayo ukiipuliza inatoa sauti nyembamba ya ukali, ukijumlisha na noti ndiyo zumari hasa, basi nikasema liwalo na liwe, nikapuliza zile sauti nne, nikazirudia, nikaongeza za matarumbeta ya harusi ya Machame ambazo vidole vilikuwa vinazikumbuka vyenyewe. Wimbo wa dakika nne ulichukua muda ambao mwenye ukumbi aliulalamikia baadaye. Paka yule alisindikizwa kwa heshima ambayo paka wengi hawaipati.

Baada ya onyesho tulikaa nyuma, chumba cha kuwekea makreti, tukamwaga bakuli mezani. Sarafu nyingi, tiketi ya basi, kifungo cha koti, kipiga-gitaa kimoja, na kitambaa cha karatasi chenye namba ya simu ambayo kila mmoja alisema ni yake. Jumla ilizidi mgao wa mlangoni. Bendi ikaitisha kikao, maana bendi ya indi haiwezi kugawana hata ndimu bila kikao. Je, fedha ni ya bendi, ya honi, au ya yule mama? Mpiga besi alisema kanuni ni kugawana sawa. Nikasema kwetu anayetunzwa ndiye mwenye tunzo. Mwimbaji akasema, kwa sauti ya kuumia, kwamba paka alikuwa wake.

Tukagawana sawa. Mimi nikapata dola 12.

Mlango ukabishwa hodi. Shangazi, tayari yuko ndani ya sweta la kwanza, pochi wazi mkononi, uso wa mtu aliyehesabu mara mbili.

"Mwanangu, kuna kitu hakijakaa sawa. Nilikuja na ya ishirini moja na za tano mbili. Za tano zote ninazo."

Tukatazamana.

"Nilikusudia tano," akasema. "Nirudishie kumi na tano."

Nikamweleza kuwa noti iko kooni mwa honi, na mfukoni nina 12, za sarafu. Akakataa. Alitoa noti, anarudishiwa noti, sarafu akazifanyie nini? Bendi nzima ikatazama dari. Kwa hesabu ya Baba, ambaye fedha iliyokwama kooni asingeihesabu, usiku ule uliofanikiwa kuliko wote katika kazi yangu ya muziki nilikuwa nimepiga kwa hasara ya dola 3, na nilimshukuru Mungu kwamba hakuwepo kuipiga.

Kesho yake niliingia bafuni na honi. Huko nyuma, mwaka 1956, Mwingereza Dennis Brain, mpiga honi ambaye sisi wote tunamtaja kwa kuinamisha kichwa, alipanda jukwaa la Royal Festival Hall mjini London akapiga bomba la kumwagilia bustani, na likaitika. Kwa hiyo kuchomeka bomba la kuogea mahali pa kipulizio niliona si udhalilishaji, ni ukoo. Nikafungua maji taratibu. Honi ikakohoa, ikakoroma, maji yakatokea koo la nyuma, na mwisho ikachomoza Malkia Elizabeth, amejikunja, mkavu karibu kabisa baada ya kumkung'uta mara moja. Plastiki hiyo hailoani.

Nikaifuta noti nimpelekee Shangazi jioni, anipe yake ya 5, yaishe. Mchana bendi ikanipigia. Fundi mitambo alikuwa amerekodi onyesho zima. Wameusikiliza wimbo wa paka asubuhi yote. Wanataka sauti ile ile kwenye albamu, na studio ni Jumamosi.

"Ile sauti ni noti ya watu," nikasema.

"Usiiguse," akasema mwimbaji.

Studio nilijaribu kuokoa jahazi. Nilitumbukiza noti ya dola 5, yenye plastiki ile ile, urefu ule ule. Mimi sikusikia tofauti, fundi hakusikia tofauti, mwimbaji akafumba macho akasema ya 20 ina joto zaidi. Nikatoa shilingi elfu kumi niliyokuwa nimeihifadhi kwenye pochi kwa ajili ya siku ya kutua Dar. Hiyo ni ya karatasi: ililia vizuri, ikanywa mvuke wa pumzi, ikalegea, na ilipotoka tembo alikuwa ameshagawanyika. Tukarudi kwenye ya 20. Ikarekodi nyimbo tatu, halafu bendi ikaamua, kwa kikao, kwamba itapiga na sisi kwenye maonyesho yote.

Shangazi alipiga simu Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata. Nikamweleza kila kitu kwa unyenyekevu: studio, joto, kikao.

"Kwa hiyo noti yangu iko kazini," akasema.

"Ndiyo Shangazi."

"Inalipwa ngapi?"

Nikamwambia kama sisi wengine tu: mgao wa mlangoni, bia mbili, na sahani ya poutine. Akanyamaza kidogo. Nilisikia vitumbua vikichemka upande wake wa simu.

"Bia wape wenzako," akasema. "Hiyo sahani niletee mimi, kila mkipiga, hadi zitimie kumi na tano. Na uwaulize kwanza, huo mchuzi wake ni wa nyama gani."